Sijamwona, Sikumwona: Kitenzi cha Kiingereza kwa Anayeongea Kiswahili

Walimu wenzangu, wanafunzi, wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja, asanteni sana kwa nafasi hii.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mgeni katika ualimu, mwanafunzi mmoja alinikabidhi insha. Katika aya ya kwanza aliandika hivi: "Yesterday I was stolen." Nikachukua kalamu nyekundu, nikaikata sentensi nzima, nikaandika pembeni "kosa", nikaendelea na daftari la mwenzake. Sikumwuliza alitaka kusema nini. Ningemwuliza, angenijibu kwa Kiswahili safi: "Jana niliibiwa." Hebu litazameni neno hilo moja. Ndani yake yumo mtu aliyepatwa na jambo, umo wakati, limo tendo, imo alama ya kwamba jambo lilimgusa yeye, na imo alama ya kwamba hakulitenda yeye. Vyote vimefungwa pamoja na hakuna kilichoachwa. Mtoto yule hakuwa na upungufu wa kitenzi. Alikuwa nacho kizima kichwani. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba hapo Kiingereza kina vitenzi viwili: "rob", kinachomfuata mtu aliyeibiwa, na "steal", kinachokifuata kitu kilichoibwa. "I was robbed." "My phone was stolen." Maelezo ya dakika moja yangemtosha, na mimi sikumpa hata hiyo dakika. Nimelibeba jambo hilo muda mrefu, na ndilo lililonileta mbele yenu.

Nataka tuzungumze juu ya nyakati za kitenzi cha Kiingereza, na juu ya kauli ya kutenda na kutendwa. Nataka tuvifikie kwa kupitia mlango tulionao, yaani kitenzi cha Kiswahili. Sisemi lugha hizi mbili zinafanana. Kwa umbo hazifanani hata kidogo. Ila anayeongea Kiswahili tangu utotoni tayari anatofautisha mambo mengi ambayo Kiingereza kinamdai ayatofautishe, na mara nyingi tunamfundisha kana kwamba kichwa chake ni ukurasa mtupu.

Tumezoea kuanza na jedwali. Safu tatu: uliopita, uliopo, ujao. Mistari minne: hali ya kawaida, ya kuendelea, ya kutimia, na ya kutimia huku tendo likiendelea. Tatu mara nne, 12. Mwanafunzi anakariri visanduku 12 kwa kitenzi kimoja, kisha anakwenda kwenye mtihani na kuchagua kisanduku kwa kubahatisha, kwa sababu jedwali lilimwonyesha maumbo bila kumwonyesha kila umbo lina kazi gani.

Ukikitazama kitenzi chenyewe cha Kiingereza, utaona kina maumbo mawili tu ya wakati: "walk" na "walked". Wakati ujao hauna umbo lake. Mengine yote hujengwa kwa kuvitanguliza vitenzi visaidizi, "be", "have", "do", "will" na ndugu zao. Sisi tunapachika viambishi ndani ya neno, wao wanapanga maneno kwenye foleni. Na foleni hiyo ina kanuni moja ambayo ningependa kila mwanafunzi aijue kabla hajaliona jedwali: neno la kwanza kwenye foleni ndilo linalobeba wakati. Likishaubeba, yanayofuata hayaubebi tena. "Has been writing": wakati uko kwenye "has". "Was writing": uko kwenye "was". "Did not go": uko kwenye "did".

Kanuni hii inaponya kosa tunalolisikia kila siku, "He did not went." Mwanafunzi anajua kwamba jambo limepita, anaogopa lisije likaeleweka vibaya, basi anautaja wakati mara mbili. Mwulize: kwa Kiswahili, "hakwenda" ina alama ngapi za wakati uliopita? Ni moja, ile -ku- iliyobaki kama "kw" mbele ya "enda". Hakuna asemaye "hakulikwenda". Basi na Kiingereza kinautaja wakati mara moja tu, tofauti ni kwamba kinautaja kwenye neno lililojitenga.

Sasa tuuchukue huo wakati ujao, maana una jambo la kupendeza. "Will" ya Kiingereza ilianza maisha yake kama kitenzi cha kutaka. Kusema mtu "will go" kulikuwa kusema anataka kwenda, na kidogokidogo kutaka kukageuka kuwa wakati ujao. Na -ta- yetu je? Wanaochunguza historia ya Kiswahili wanaieleza kuwa ni mabaki ya kitenzi "taka". Ushahidi tunao mdomoni. Tunasema "atakuja", lakini tukiingiza kirejeshi, kama -ye- au -po-, neno la zamani linachomoza zima: "atakayekuja", "atakapokuja". Lugha mbili zisizo na undugu zimepita njia moja kufika mahali pamoja. Nikiwaeleza wanafunzi hili, huwa naona nyuso zikibadilika. Kile kisanduku cha jedwali kinakuwa kitu chenye maana.

Na hapo hapo tuondoe kosa jingine: "When he will come, I will tell him." Limetoka moja kwa moja kwenye "atakapokuja nitamwambia". Lakini Kiswahili kina njia ya pili, na hii tunaitumia zaidi: "Akija nitamwambia." Je, -ki- hiyo ni ya wakati gani? Haina wakati. Inaegemea kitenzi kinachofuata. Kiingereza nacho, baada ya "when", "if", "until" na "before", kinaliacha jambo lijalo katika umbo la sasa: "When he comes, I will tell him." Kwa hiyo unapozungumzia jambo lijalo, palipo na -ki- ya masharti usiweke "will". Nimekifundisha kidokezo hiki kwa miaka, na bado sijajuta.

Kwa -na- nitapita haraka. Kiswahili cha siku hizi kinaitumia -na- kwa mambo mawili: "anaandika" yaweza kuwa sasa hivi kalamu iko mkononi, na yaweza kuwa ndiyo kazi yake ya kila siku. Kiingereza kinayatenga: "She is writing" na "She writes". Tunayo hu- ya mazoea, nayo inakaa sawasawa kabisa na umbo la pili. Ukiweza kusema "huandika", sema "writes". Tahadhari ni kwa vitenzi vya kujua, kupenda, kuamini, kuhitaji. "Ninajua" si "I am knowing". Kujua hakuna mwendo wa kuendelea, mtu anajua au hajui, kwa hiyo ni "I know". Hayo yanatosha, kwa kuwa -me- inatusubiri na hiyo ndiyo yenye mambo.

Vitabu vyetu husema -me- ni sawa na "have" ya Kiingereza. "Nimeandika", "I have written." Mara nyingi ni kweli. Lakini tazama mtu aliye mbele yako, kafumba macho kwenye kiti. Unasema, "Amelala." Mwanafunzi wetu anaandika "He has slept." Mwingereza akisikia hivyo anaelewa kwamba usingizi umekwisha, mtu ameamka. Alichopaswa kuandika ni "He is asleep" au "He is sleeping." Vivyo hivyo "amevaa koti" ni "She is wearing a coat", "amesimama" ni "He is standing", "amechoka" ni "He is tired", na "umeelewa?" ni "Do you understand?" Kwa nini? Kwa sababu -me- haitazami tendo lililokwisha. Inatazama hali iliyobaki baada ya tendo. Mtu aliingia katika usingizi, na sasa yumo. Aliingia katika koti, na sasa limo mwilini. Kiingereza kinapokuwa na neno lake la hali yenyewe, kama "asleep", "tired", "full", "dead", kinalitumia hilo pamoja na "is". Basi mwanafunzi ajiulize swali moja kabla hajaandika "has": hali hii bado ninaiona kwa macho? Kama ndiyo, ajaribu kwanza "is".

Upande wa pili wa -me- ndio uliolipa jina zungumzo hili. Sikiliza watu wakiongea: "Nimemwona jana." "Nimefika juzi." Tunasema hivyo, tunaelewana, na wala sina nia ya kumkosoa mtu kwa Kiswahili chake. Lakini "I have seen him yesterday" Kiingereza hakikubali. Ukishautaja wakati uliofungwa, "yesterday", "last week", "in 2015", "have" haina nafasi tena. Ni "I saw him yesterday." Kitabu kinatoa kanuni hiyo, mwanafunzi anaikariri, na kesho yake anaivunja, kwa kuwa sikio lake la Kiswahili halisikii tatizo lolote.

Basi nikamwomba mwanafunzi akanushe. Hilo tu. "Nimemwona jana", kanusha. Hatasema "sijamwona jana". Ulimi wenyewe utakataa. Atasema "sikumwona jana". Sasa mpe nyingine: "Nimemwona", bila jana. Akikanusha atasema "sijamwona". Hapo tunazo mbili. Inayokanushwa kwa -ja- ndiyo "have seen", na inayokanushwa kwa -ku- ndiyo "saw". "Sijamwona": "I haven't seen him." Mlango uko wazi, huenda nikamwona baada ya saa moja. "Sikumwona": "I didn't see him." Mlango umefungwa, nafasi imepita.

Nendeni nayo mbali zaidi, mtaona inavyofanya kazi. Ni asubuhi, mtu anakuuliza kama umemwona mwenzako. Asubuhi haijaisha, kwa hiyo unajibu "sijamwona", na Kiingereza kinasema "I haven't seen him this morning." Swali lilelile likiulizwa jioni, unajibu "asubuhi sikumwona", na Kiingereza nacho kinageuka: "I didn't see him this morning." Maneno "this morning" hayakubadilika, kilichobadilika ni kwamba asubuhi imefungwa. Au chukua "umewahi kupanda ndege?", yaani "Have you ever flown?" Jibu ni "sijawahi", "I never have." Maisha ya mtu ni muda ambao haujafungwa angali hai, ndiyo maana ni -ja-. Tofauti inayowatesa wanafunzi wa Kiingereza wa mataifa mengi, sisi tunayo kamili. Tumeificha tu kwenye ukanushi, na tunapofundisha hatuendi kuichukua huko.

Niongeze kwamba Wamarekani hawako sawa kabisa na Waingereza hapa. Mmarekani atasema kwa raha "I already saw it" mahali ambapo Mwingereza angesema "I've already seen it". Mkikutana na hilo msishtuke, na msimwadhibu mwanafunzi aliyelisikia huko.

Masimulizi nayo yanataka neno. Sisi tunaanza na -li- mara moja, kisha -ka- inachukua hadithi na kuikimbiza: "Nilifika, nikabisha hodi, nikasubiri." Kiingereza hakina -ka-, kwa hiyo kila kitenzi kinabeba wakati wake uliopita: "I arrived, knocked and waited." Mwanafunzi wetu akishaandika kitenzi cha kwanza katika wakati uliopita anaona kazi imekwisha, na vitenzi vinavyofuata anaviacha utupu. Amefanya hasa anachofanya -ka-. Ukimweleza hivyo analirekebisha mwenyewe.

Na kuna maneno ya mtu yanaporipotiwa. "Alisema anaumwa." Kiswahili kinabaki na wakati wa msemaji, kama kwamba tumeyabeba maneno yake yalivyotoka. Kiingereza kinayarudisha nyuma hatua moja: "She said she was ill." "Aliniambia atakuja" inakuwa "He told me he would come", na "would" si kingine ila umbo la wakati uliopita la "will". Jambo likiwa bado ni kweli hadi sasa, au bado halijafika, Kiingereza kinaruhusu kuliacha lilivyo. Lakini katika hadithi iliyokwisha, kurudi nyuma ndiyo desturi. Hatua ya nyuma zaidi tunayo wenyewe na haina shida: "Nilipofika alikuwa ameondoka", "When I arrived he had left." "Alikuwa ame-" na "had" ni kitu kimoja.

Vitenzi visivyofuata kanuni, "go, went, gone" na wenzake, ni kama 200 hivi, na humo njia ni kuvikuta mara nyingi katika kusoma. Ila msidhani viliwekwa kwa ukaidi. Vingi ni mabaki ya mfumo wa kale wa kubadili irabu ya ndani, kama "sing, sang, sung", na vingine vimekuwa vikihama taratibu kuingia kwenye "-ed". Zamani "help" ilikuwa na umbo "holpen". Limo katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Leo kila mtu anasema "helped".

Twende kwenye kutendwa.

Umbo lake ni jepesi kuliko linavyoogopwa. Ni "be" pamoja na umbo la tatu la kitenzi. Umbo la tatu halibadiliki kamwe. Kinachotembea na wakati ni yaliyo mbele yake. Tazameni barua moja ikipita katika nyakati. Huandikwa: "is written". Inaandikwa: "is being written". Iliandikwa: "was written". Ilikuwa ikiandikwa: "was being written". Imeandikwa: "has been written". Ilikuwa imeandikwa: "had been written". Itaandikwa: "will be written". "Written" imekaa palepale, kama -w- yetu ilivyokaa palepale katika "andikwa" huku mbele yake pakibadilika. Anayeiona -w- haiogopi "written".

Hiyo "is being written" yenyewe ni changa. Ilianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 18. Kabla yake Waingereza walisema "the house is building" kwa maana ya nyumba inajengwa, na umbo jipya lilipoenea karne iliyofuata wapo waliolipinga kwa nguvu wakiliona ni uharibifu wa lugha. Leo ndilo sahihi, na lile la zamani ndilo linalosikika kama kosa.

Ugumu wa kutendwa uko kwingine. Uko katika kujua ni nani au ni nini kinaruhusiwa kusimama mbele. Kiswahili kina ukarimu mkubwa hapa. "Nilipewa kitabu": "I was given a book." "Niliambiwa": "I was told." "Nilionyeshwa": "I was shown." Tatu hizi zinavuka salama, na mwanafunzi anapata imani. Kisha anasema "nilielezwa", naye anaandika "I was explained." Hapo Kiingereza kinakataa, kwa sababu "explain" kinachukua jambo, hakichukui mtu. Ni "It was explained to me." Ndilo lilelile la "I was stolen". Na tunavyo vitenzi ambavyo Kiingereza hakiwezi kabisa kuvigeuza: "amefiwa na mama yake". Katika "kufa" sisi tumetoa "kufia", na katika "kufia" tumetoa "kufiwa", yaani msiba uliomwangukia mtu. "Die" haina kutendwa. Mwingereza atasema "She has lost her mother", amempoteza mama yake, akitumia kauli ya kutenda kwa jambo ambalo mtu hakulitenda. Mwanafunzi anayeandika "She was died by her mother" hajachanganyikiwa. Ana jambo la kweli na la uchungu la kusema, na njia aliyoizoea imefungwa. Mwonyeshe iliyo wazi.

Kuzaliwa, kwa bahati njema, ni kutendwa katika lugha zote mbili: "nilizaliwa", "I was born." Asiachwe mwanafunzi aandike "I born".

"Na" ya mtenda inafaa kuangaliwa pia. "Aliumwa na nyoka", "by a snake". Lakini chombo hakichukui "na", kinachukua "kwa": "alipigwa kwa fimbo", na Kiingereza nacho kinabadilisha, "with a stick". Palipo na "na" ya mtenda weka "by", palipo na "kwa" ya chombo weka "with". Msiiachie "na" ivuke kwa mazoea ikawa "with a snake".

Kisha kuna -ik-, na hapa nitawaomba tukae kidogo. Kikombe kimevunjwa. Kikombe kimevunjika. Kwa sikio letu hizi ni habari mbili. Katika ya kwanza yupo mtu, hata kama hatajwi. -W- imemwachia kiti chake kitupu, na wewe msikilizaji unakiona. Katika ya pili hakuna kiti. Kikombe kimefikia hali ya kuvunjika, basi. Kiingereza hakina kiambishi kama hicho, kinatumia kitenzi kilekile kwa kauli ya kutenda bila yambwa, yaani bila kitu kinachotendwa: "The cup broke." "The door opened" ni mlango ulifunguka, na "The door was opened" ni mlango ulifunguliwa, kuna mkono. Mwanafunzi akiuliza kwa nini haruhusiwi kusema "The accident was happened", mwambie "happen" tayari ni ya aina ya -ik-. Ajali ilitokea. Hatusemi "ilitokewa".

Mnaona sasa kwamba tumetoka kwenye umbo, tumeingia kwenye nani anawajibika. Januari 1987 Rais Ronald Reagan wa Marekani, katika hotuba yake kwa bunge la nchi hiyo, aligusia sakata la kuiuzia Iran silaha. Akasema "serious mistakes were made". Makosa makubwa yalifanywa. Na nani? Sentensi imekamilika kisarufi, na mtu hayumo. Kwa Kiswahili angeweza kujificha zaidi: "makosa yalifanyika". Hapo hata kile kiti kitupu kimeondolewa. Sisi tuna vichaka viwili wakati Kiingereza kina kimoja na nusu, na nadhani mwanafunzi anayefundishwa kutendwa anastahili kufundishwa kuona vichaka hivyo, katika taarifa, katika barua za ofisi, na katika maneno yake mwenyewe. "Imeamuliwa kwamba." Ameamua nani? Hilo ni swali la sarufi, na ni haki ya msomaji kuliuliza.

Wapo walimu wanaofika mwisho wa pili, wanakataza kutendwa kabisa. Sikubaliani nao. Wapo na wanaosema maandishi ya sayansi lazima yawe ya kutendwa, nao siungani nao. Mwaka 1953 wanasayansi James Watson na Francis Crick walipotangaza umbo la DNA, kile kinachobeba urithi wa viumbe, katika jarida la Nature, makala yao fupi ilianza hivi: "We wish to suggest a structure." Tunapenda kupendekeza. Sisi. Walijiweka mbele ya dai lao ili atakayelipinga awajue. Kwa upande mwingine, anayeandika hatua za jaribio, "maji yalichemshwa, joto likapimwa", ana haki ya kutumia kutendwa, kwa kuwa hapo anayechemsha si habari. Habari ni maji.

Na kuna mahali ambapo kutomtaja mtenda ndiyo nguvu yenyewe. Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu lilipitishwa tarehe 10 Desemba 1948. Kifungu cha kwanza kinaanza kwa Kiingereza "All human beings are born free", na kwa Kiswahili "Watu wote wamezaliwa huru". Zote mbili ni kutendwa. Lakini nyakati si zilezile! Kiingereza kimechukua wakati uliopo wa kawaida, ule wa mambo ambayo ni kweli siku zote. Kiswahili kimechukua -me-, hali iliyobaki baada ya tendo: watu walizaliwa, na uhuru wamebaki nao mpaka sasa. Mfasiri angekwenda neno kwa neno angeandika "huzaliwa", nayo isingekuwa kosa. Alichagua -me-, na mimi kila nikiisoma naona alichagua vizuri, kwa sababu inamwelekea mtu aliye hai, anayesoma. Kisha kifungu cha nne: "No one shall be held in slavery." Asishikwe mtu utumwani. Ashikwe na nani? Hapa kutotajwa kwa mtenda hakumfichi mtu yeyote. Kumewafungia mlango wote, awe mfalme, awe serikali, awe jirani. Lau wangemtaja mmoja, wengine wangepita.

Muda wa maswali umefika. Aliye na sentensi iliyomkwama, mwalimu au mwanafunzi, aisome kwa sauti, na tuanze kwa kuikanusha.